Siku Mdogo Wangu Alipojiita Wakili

Mdogo wangu ni mwoga. Nasema hivyo mbele yake na wala hakasiriki, maana anajua ni kweli. Akiwa mtoto aliogopa mbwa, radi, sindano, na mwalimu wa hesabu. Alipokua aliongeza, hakupunguza. Nyumbani tulimwita Kunguru, na jina likamganda. Siku alipotangaza kwamba anataka kusomea sheria, baba alicheka mpaka chai ikampalia.

"Wewe? Hakimu akikohoa tu si utaomba msamaha?"

Kunguru alikusanya vikombe, akaviosha, na mwaka uliofuata akaenda kusoma.

Mimi ni msusi. Tulikuwa tunaishi wawili, mimi na yeye, kwenye chumba kilicho nyuma ya saluni yangu. Tulikigawa kwa pazia: upande wangu kitanda na madumu ya maji ya kuoshea wateja, upande wake kitanda na vitabu. Vitabu vyenyewe vizito, rafu ikapinda, ikabidi niiwekee tofali chini. Asubuhi nikipasha moto pasi ya nywele nilimsikia akijisomea nyuma ya pazia, na kwa sauti yake tu nilijua kama ameelewa au anajidanganya.

Shahada ya kwanza aliipata bila kishindo. Kule chuoni mtu anaweza kukaa nyuma, akaandika mtihani wake, akaondoka zake, na hakuna anayejua kwamba mikono yake inatoka jasho. Kasheshe ilianza aliposonga mbele, kwa sababu digrii peke yake haimfanyi mtu wakili. Unaenda tena shule ya juu ya sheria, ile ya vitendo, wanakoingia wengi na kutoka wachache. Ukitoka huko unakaa ofisini kwa wakili mzoefu ujifunze kazi. Kisha jopo la majaji linakuita, linakuuliza maswali, na likiridhika ndipo unaapishwa na kuvaa joho. Kabla ya hapo wewe ni mwanafunzi tu. Mwanafunzi akisimama mahakamani akajifanya wakili ametenda kosa, na hilo joho anaweza kulisikia kwa wenzake maisha yake yote. Naomba ulishike hili, kwa sababu ndilo lililotukosesha raha.

Pale shuleni kulikuwa na mahakama ya mazoezi. Ni darasa la kawaida, lakini limepangwa kama mahakama yenyewe, kuanzia kiti cha juu cha hakimu hadi kizimba na meza za mawakili. Wakufunzi walikaa kule juu na nyuso zimekunjwa, wanafunzi wakagawiwa kesi za kubuni. Ukishaingia mle ndani, wewe si mwanafunzi tena. Unasimama, unainama kidogo, unasema, "Mheshimiwa, mimi ni wakili wa mwombaji." Ole wako useme mimi ni mwanafunzi. Alama zinakatwa, na unatolewa nje uingie upya.

Kunguru alitolewa nje kuliko darasa zima. Kulikuwa na mkufunzi mmoja, mama mwenye sauti ya kupasua bati, ambaye alimtoa na kumwingiza mpaka wenzake wakaacha kucheka wakaanza kumhurumia. Akirudi nyumbani anasimama mbele ya kioo changu cha saluni, wateja wamekaa na dawa kichwani, anainama, anasema, "Mheshimiwa, mimi ni wakili wa mwombaji."

"Hatujasikia!" wateja wanamjibu.

Anarudia.

"Wakili gani huyo anayeongea na viatu?"

Anarudia tena. Alilisema akifua, alilisema akichota maji, alilisema mpaka likawa linatoka lenyewe, kama mtu anavyosema "karibu" mlango ukigongwa. Siku ya mtihani wa mwisho wa kusimama hakutolewa nje hata mara moja. Alipoliona jina lake kwenye ubao wa waliofaulu alitapika papo hapo, kando ya ubao. Aliniambia ni furaha. Nami sikubishana naye.

Ofisi aliyopangiwa kujifunzia kazi ilikuwa ya wakili mmoja ambaye mahakama nzima ilimwita Niko Njiani. Ukimpigia simu, popote alipo, hata kama unasikia maji ya bafuni yakimwagika, atakwambia yuko njiani. Hakuwa mtu mbaya. Alijua sheria, alicheka na kila mtu, na makarani walimpenda. Tatizo lake ni kwamba saa za watu wengine hazikumhusu. Mdogo wangu alikuwa anamwandikia nyaraka, anampangia mafaili, na siku za kesi anatangulia mahakamani kumwambia karani kwamba bwana mkubwa anakuja. Kazi yake iliishia hapo. Akishamwambia karani, akae benchi la nyuma na kufunga mdomo, kazi ambayo aliiweza kuliko kazi zote duniani.

Sasa kulikuwa na mwalimu wa chekechea, mteja wao. Alikuwa amepanga nyumba anamofundishia watoto, na mwenye nyumba alitaka kumtoa kabla mkataba haujaisha ili afungue sehemu ya kuoshea magari. Mahakama ilimpa mwalimu zuio la muda, yaani mwenye nyumba asiguse kitu mpaka tarehe fulani. Siku ya tarehe hiyo, wakili wa mwalimu alitakiwa asimame na kuomba zuio liongezwe. Asiposimama mtu, zuio linakufa, na makufuli mapya yalikuwa tayari kwenye gari la mwenye nyumba pale nje. Mdogo wangu aliyaona kwa macho yake alipokuwa anaingia.

Alimpigia Niko Njiani.

"Niko njiani, binti. Nakata kona hapa."

Alimpigia tena wakati karani anaanza kuita kesi. Yuko njiani. Alimpigia mara ya tatu, simu ikaita hadi ikakata.

Upande wa mwenye nyumba alikuwapo wakili waliyemwita Mkasi, kwa sababu hoja yoyote ukiiweka mbele yake anaikata vipande. Kesi ilipoitwa, Mkasi alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, wakili wa mwombaji hayupo, na hakuna taarifa yoyote. Naomba zuio liondolewe."

Hakimu aliinua kichwa. "Upande wa mwombaji, nani yupo?"

Mwalimu wa chekechea aligeuka akamtazama mdogo wangu. Mikono yake ilikuwa imeshika mkoba tumboni. Mdogo wangu anasema miguu ilisimama bila kumuuliza. Aliinama kidogo.

"Mheshimiwa, mimi ni wakili wa mwombaji. Naomba zuio liongezwe hadi tarehe nyingine ya kusikilizwa."

Hakimu akaandika, zuio likaongezwa. Mkasi alimtazama mdogo wangu kuanzia viatu hadi nywele, akafungua kifungo cha koti, akaketi. Ni pale mwalimu wa chekechea alipomshika mkono na kumnong'oneza, "Asante sana, wakili," ndipo akili ikamrudia na kuelewa alichokifanya.

Nilikuwa namvua mteja rola alipoingia saluni. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Dada, nimejiita wakili."

"Si unajiita kila siku hapa, tumeshakuzoea."

"Mahakamani, dada. Mahakamani kweli. Hakimu ameandika."

Rola zikaniponyoka. Nilimsindikiza mteja mlangoni na nywele zake nusu, nikafunga saluni mchana kweupe.

Unaweza kusema, si angerudi tu kwa hakimu aeleze? Mimi pia nilifikiri hivyo, kwa muda mfupi. Lakini alipomwambia Niko Njiani, yule bwana alikuna kidevu akauliza swali moja tu.

"Mkasi alisema kitu?"

"Hakusema."

"Basi na wewe usiseme. Hiyo kesi naimaliza mwenyewe."

Na kweli aliimaliza. Tarehe iliyofuata alifika kabla hata ya karani, jambo ambalo mahakama ilisimuliana wiki nzima, akaliomba zuio upya mwenyewe, na mwisho mwenye nyumba akachoka, wakaelewana mwalimu akae hadi mkataba wake uishe. Watoto wa chekechea wakaendelea kuimba. Upande wa mteja hakukuwa na aliyeumia, na mimi nikamwambia mdogo wangu, limekwisha, meza na maji.

Halikwisha. Lilihamia kwetu. Mdogo wangu aliacha kula vizuri. Mtu akisema "samahani, dada" barabarani, anaruka. Kila alipokutana na Mkasi kwenye korido za mahakama, yule mzee alikuwa anainua kichwa kidogo na kumsalimu, "Habari za kazi, wakili." Hakuongeza kitu. Hakutabasamu wala hakununa. Tulikaa tukiichambua salamu hiyo kama watu wanaochambua mchele. Je, ni utani? Ni heshima? Au anamwambia ninajua, na siku yako inakuja? Tulifika mahali mdogo wangu akawa anapita mlango wa nyuma, wa mahabusu, asikutane naye.

Halafu ukafika wakati wa kuomba kuapishwa. Kwao kuna utaratibu ambao mimi naona ulibuniwa na mtu mkatili. Majina ya waombaji wote yanabandikwa kwenye ubao wa mahakama, na kila raia anaruhusiwa kuja mbele ya jopo, hadharani, kusema kwa nini fulani hafai kuwa wakili. Jina lake lilipobandikwa, na mimi uoga ukaniingia. Nilianza kuwashuku wateja. Mama mmoja nisiyemfahamu, nikiwa namnyoosha nywele, aliniuliza, "Mdogo wako si ndiye yule wakili?" Nilijibu, "Hapana! Mwanafunzi!" kwa nguvu hivi kwamba nilimuunguza sikio. Kumbe alitaka tu ushauri wa mirathi.

Usiku wa kuamkia jopo sikumbuki tulizungumza nini. Asubuhi nakumbuka. Alikuwa anafunga vifungo vya shati, vinamponyoka.

"Mwishoni wanauliza kama kuna jambo lolote jopo linapaswa kulijua kuhusu mwenendo wako," alisema.

"Na watu wanajibu nini?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Wote wanajibu hivyo."

"Na wewe utajibu hivyohivyo."

"Dada..."

"Nisikilize, Kunguru. Umesoma mpaka rafu imepinda. Umetolewa nje kama mbuzi. Hakuna aliyeumia. Ukifungua mdomo leo, unafunga mlango kwa mkono wako mwenyewe, na mimi sitakuwa na la kukusaidia. Sema hakuna, tuondoke."

Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilimfunga vile vifungo mwenyewe.

Chumba cha jopo kilikuwa kikubwa, chenye feni za dari zinazozunguka bila kuleta upepo. Mbele walikaa majaji, katikati mwenyekiti wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Waombaji walikaa safu za mbele, sisi ndugu na jamaa nyuma. Nilibanwa kati ya mjomba wa mtu, aliyekuwa akisali bila kutoa sauti, na mzee mmoja mwembamba, amevaa koti lililopigwa pasi vizuri, mikono juu ya magoti. Nilimsalimu, akaitikia kwa adabu.

Mambo yalikwenda haraka. Mwombaji anaitwa, anaulizwa sheria kidogo, anaulizwa lile swali la mwisho, anajibu hakuna, Mheshimiwa. Mwenyekiti anatupa jicho ukumbini, anasema, "Mwenye pingamizi?" Kimya. Anayefuata. Nilianza kupumua. Nikajiambia, mbona ni kama foleni ya bomba, kila mtu anajaza ndoo yake na kupita.

Wakamwita. Alitembea akiangalia chini. Maswali ya sheria aliyajibu, sauti inatetemeka lakini maneno yamenyooka, na jaji mmoja akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mwenyekiti akauliza, macho yake yameshahamia kwenye jina linalofuata, "Kuna jambo lolote jopo linapaswa kulijua kuhusu mwenendo wako?"

Nilimjibia moyoni. Hakuna, Mheshimiwa. Sema. Neno lenyewe fupi.

Feni zilikuwa zinalia pale juu. Mwenyekiti akainua macho.

"Lipo, Mheshimiwa."

Nilitamani ardhi ipasuke, na nilitamani kumkaba koo, vyote kwa pamoja. Mjomba wa mtu aliacha kusali. Mdogo wangu akaeleza mambo yote, zuio, makufuli kwenye gari, simu isiyopokelewa, na maneno aliyoyatamka. Hakumsema vibaya Niko Njiani, alisema tu kwamba wakili hakuwapo. Alizungumza polepole kwa sababu kila baada ya maneno machache alikuwa anameza mate.

"Kwa nini ulisema wewe ni wakili?" mwenyekiti aliuliza.

"Niliogopa, Mheshimiwa. Shuleni tulizoezwa kusema hivyo, nikaogopa, yakatoka yenyewe."

"Na baadaye? Mbona hukurudi kwa hakimu kurekebisha?"

"Niliogopa zaidi."

Kuna waliocheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliandika kitu, akaandika tena, kisha kwa sauti ileile ya kila mtu akasema, "Mwenye pingamizi?"

Mzee mwembamba niliyekaa naye akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

Kifungo kile. Nilikuwa sijawahi kumwona, nilimjua kwa kusimuliwa tu. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Mkasi asubuhi nzima, nikamsalimu, nikamsogezea hadi nafasi ya kuweka miguu.

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa wakili wa upande wa pili katika kesi hiyo," alisema. Kule mbele mdogo wangu aliitambua sauti. Hakugeuka. Nilimwona akishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Siku ileile nilikwenda kuangalia orodha ya mawakili, sikulikuta jina lake. Nikasubiri nione kama atasema. Jina lake lilipobandikwa ubaoni naye hajasema, nikaja na pingamizi. Nilikuja kulieleza jopo kwamba huyu binti alijifanya wakili na analificha."

Aligeuza macho kwa mdogo wangu.

"Sasa amelisema mwenyewe, na hajapunguza kitu. Sina tena cha kuongeza."

Akafungua kifungo, akaketi. Bega lake likagusana tena na langu, na nikajisogeza kama niliyeguswa na pasi.

Majaji waliinamiana wakanong'ona. Sijui walichukua muda gani. Kwangu ilikuwa kama kuhesabiwa nywele moja moja. Hatimaye mwenyekiti alisema kwamba mdogo wangu hataapishwa pamoja na wenzake. Atarudia mafunzo ya ofisini tangu mwanzo, chini ya wakili mwingine, na akimaliza ataruhusiwa kuja tena mbele ya jopo. Niko Njiani ataitwa ajieleze.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Ungejibu hakuna," mwenyekiti alisema, "na yule bwana akasimama, usingeitwa tena hapa." Kisha akaita jina lililofuata.

Nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi za pembeni, wenzake wakipita na ndugu zao, wanakumbatiana, wanapiga picha. Nikakaa karibu naye. Nilikumbuka maneno niliyomwambia asubuhi wakati namfunga vifungo. Kama angenitii, saa ile angekuwa amemalizwa, na ningekuwa nimemmaliza mimi.

"Ulijua kwamba Mkasi yupo mle ndani?" nilimuuliza.

"Sikujua."

"Hukumwona ulipoingia? Alikuwa amekaa na mimi."

"Dada, mimi tangu mlangoni nilikuwa naangalia viatu vyangu."

"Na ungemwona?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. Meno yake yalikuwa bado yanagongana, jua kali vile.

"Ningemwona nisingeingia kabisa," alisema. "Ningekimbia nyumbani."

Mkoba wake ulikuwa unamteleza mikononi. Nikampokea.